Barua ya wazi kwa wasimamizi wa ujenzi na mazingira: mimea ya mapaa yetu itoke kwenye miamba yetu

KWA: Wizara yenye dhamana ya ardhi na nyumba, TAMISEMI, Ofisi ya Makamu wa Rais, Mazingira, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, Wakala wa Majengo Tanzania, Shirika la Nyumba la Taifa, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

YAH: UCHAGUZI WA MIMEA YA BUSTANI ZA JUU YA MAPAA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika nikiwa mwotesha miche, mtu anayeuza maua, miti ya vivuli na nyasi kwa wenye nyumba na wakandarasi wa jiji hili. Miaka ya karibuni wateja wameanza kuulizia kitu kipya: mimea ya kupanda juu ya paa. Wanaouliza ni wenye maghorofa ya Upanga, Masaki na Mikocheni, na sasa hata wajenzi wa nyumba za kupangisha Sinza na Tabata ambao paa lao ni slabu tupu, nondo zikichungulia juu kusubiri ghorofa nyingine siku Mungu akijalia. Swali lao ni fupi: nipande nini? Jibu wanalopata hutegemea wamemuuliza nani. Mwenye kitalu atataja alichonacho. Msanifu atatoa picha ya jengo la Ulaya. Mwingine atawaambia waagize kutoka nje mikeka ya mimea iliyokwisha kuoteshwa. Ninachoomba ni kwamba jibu hili lipate mwenyewe, liandikwe kwenye masharti ya vibali vya ujenzi, na lianze na mimea ya asili ya ukanda ambao jengo limesimama.

Paa la mimea si jambo geni kwetu kama linavyosikika. Wagogo wamelala chini ya paa la udongo vizazi kwa vizazi. Tembe ni nguzo, boriti, fito na udongo ulioshindiliwa juu, na mvua zikikolea majani huota yenyewe. Kilichoongezeka ni utaalamu, na sehemu kubwa ya utaalamu huo ilipangwa Ujerumani kuanzia miaka ya 1970. Juu ya zege unalazwa utando usiopitisha maji, kisha kizuizi cha mizizi, tabaka la kutolea maji, kitambaa cha kuchuja, halafu udongo mwepesi uliochanganywa maalumu, mara nyingi wa sentimita 6 hadi 15 tu, na mimea juu yake. Jiji la Basel, Uswisi, lilianza kulazimisha mapaa mapya ya bapa yawe na mimea mwaka 2002. Toronto, Kanada, ilipitisha sheria yake mwaka 2009 kwa majengo mapya makubwa.

Sisi tunayahitaji mapaa haya pengine kuliko wao. Mnakumbuka Desemba 2011. Mvua ya siku chache kabla ya Krismasi iliua watu zaidi ya 40 jijini, Jangwani ikageuka ziwa, na familia zilizopoteza makazi zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo bonde la Msimbazi limefurika tena na tena, nasi kila mwaka tunaongeza bati, zege na vitofali vya kutandika uani juu ya ardhi iliyokuwa ikinywa maji. Chukueni paa la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo peke yake linamwaga lita 10,000, boza zima, kwenye mfereji wa mtaa. Likiwa na sentimita 10 za udongo mwepesi uliokuwa umekauka, linaweza kushika milimita 20 hadi 30 za mwanzo, karibu nusu ya boza, na yanayobaki yakashuka taratibu. Sisemi kwamba bustani za mapaa zitaiponya Msimbazi. Mvua ya pili ikija udongo ungali umelowa, kinachoshikwa ni kidogo. Hata hivyo nusu boza kwa kila jengo, katika jiji la maelfu ya majengo, si kitu cha kupuuza. Na anayelala ghorofa ya juu kabisa mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa faida ya kuikinga slabu na jua.

Sasa nije kwenye mimea, maana hapo ndipo fedha nyingi zitakapopotea.

Unene ule wa sentimita 10 ndio unaoamua. Masika, udongo huo unalowa chepechepe wiki nzima. Januari na Februari unapikwa. Hakuna maji ya ardhini yanayopanda kuusaidia, upepo wa bahari unaukausha, na chumvi inaunguza majani. Mmea uliozoea bustani ya uani ukiupandisha huko bila bomba, hauioni masika ya pili. Na habari za bomba tunazijua wote: mwaka 2022 maji ya Ruvu yalipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgao. Bustani ya paa inayodai kumwagiliwa kila jioni inagombea maji na ndoo za watu. Nimeona jengo moja la ofisi likitandikwa nyasi za zulia juu ya paa kwa gharama kubwa. Mgao ulipoanza, mlinzi akaambiwa afunge koki, na haukupita muda pale juu pakabaki vumbi na mizizi mikavu iliyoziba matundu ya kutolea maji. Mwenye jengo sasa anaamini kwamba bustani za mapaa haziwezekani Dar es Salaam. Kilichoshindikana ni ile nyasi.

Ulaya walilimaliza tatizo la ukavu kwa sedum, jamii ya mimea mifupi yenye majani manono yanayotunza maji. Mchana hufunga vitundu vya majani yake, usiku huvifungua kuvuta hewa, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Ni mimea hodari, na wapo wanaosema tuiagize tu, kwa sababu imekwisha kujaribiwa. Wana ushahidi pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walipanda kwenye mapaa ya majaribio aina 9 za sedum na aina 18 za mimea ya asili ya jimbo lao, kisha wakaacha kumwagilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba sedum zote 9 zilidumu, na kati ya zile 18 za asili zilisalia 4. Nimewahi kuona matokeo haya yakitumika kufunga mjadala: mmea wa asili ni mapenzi ya moyo, wa kigeni ndio unaofanya kazi.

Nawaomba muyasome kwa kituo zaidi. Mimea mingi iliyokufa ilikuwa ya mbuga za nyasi, yenye mizizi iliyozoea kuzama chini sana ardhini. Ilikuwa na asili ya Michigan, lakini haikuwa na asili ya mahali panapofanana na paa. Na moja kati ya zile nne zilizosalia ni Opuntia humifusa, dungusi kibeti wa huko huko kwao, aliyezoea mchanga na mawe. Mwanaikolojia wa Kanada Jeremy Lundholm alilieleza jambo hili vizuri mwaka 2006: paa la zege lina ndugu zake porini, nao ni majabali, magenge na miteremko ya mawe yenye udongo haba, na kwa hiyo mimea ya paa itafutwe kwa ndugu hao. Mimi naliona hilo kuwa ndilo swali la kwanza, lije kabla ya kuuliza mmea umezaliwa nchi gani.

Kuna mahali walifuata njia hiyo hata kabla hapajatokea mtu wa kuiandika. Zürich, kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Wollishofen uliojengwa mwaka 1914, walipandisha juu ya mapaa udongo wa mashamba ya majani ya jirani ili maji yaliyo chini yabaki ya baridi. Mashamba yale yalikuja kumezwa na kilimo na majengo, lakini juu ya paa mimea yake ingali hai, zaidi ya aina 170, zikiwemo orkidi za aina 9. San Francisco nako, Taasisi ya Sayansi ya California ilipofungua jengo lake jipya mwaka 2008, paa la karibu hekta moja lilipandwa mimea ya asili ya pwani ile, aina 9 zilizochaguliwa baada ya kujaribu nyingi zaidi. Miche ilipandishwa juu ndani ya trei 50,000 zilizofumwa kwa makumbi ya nazi. Makumbi, waheshimiwa, haya ambayo huku tunayachoma moto.

Ndugu wa paa kwa upande wetu yuko karibu mno. Tokeni Msasani mwende Kunduchi, au mvuke Kigamboni mkaangalie ufuko wa mawe. Ardhi ile ya maweni, matumbawe ya kale yaliyoinuka na kukauka, ina udongo wa kujaza mifuko na nyufa tu. Jua ni lile lile la paa, chumvi ile ile, mvua zile zile za masika na vuli na ukavu katikati yake. Na pameota. Pana mishubiri ya pwani kama Aloe massawana. Pana jamaa za mkonge-mwitu, ambazo wataalamu waliziita Sansevieria na sasa wameziingiza kwenye Dracaena. Nazo hufungua vitundu usiku kama sedum, ila zimeuzoea usiku wa joto. Ukishuka mchangani unakuta Sesuvium portulacastrum, mmea unaotambaa wenye vijani vinene vya chumvichumvi ambao watu huula kama mboga, na nyasi ngumu ya ufukweni, Sporobolus virginicus. Kati ya mawe wamo Kalanchoe wa kwetu, na mitambazi ya jamii ya Cissus yenye majani mazito. Hakuna aliyeimwagilia mimea hiyo tangu dunia iumbwe.

Nazo sedum za Ulaya zisitupumbaze. Ni mimea ya nchi zenye usiku wa baridi, na sisi Februari usiku wetu hukaa karibu na nyuzi 25. Joto likiungana na unyevu, huelekea kuoza. Afrika Mashariki ina sedum yake yenyewe, Sedum meyeri-johannis, nayo makazi yake ni misitu ya milimani kama ya Kilimanjaro. Kigamboni haishuki.

Lakini sababu kubwa ya kuwaandikia si kwamba mimea ya kigeni itakufa. Naogopa zaidi ile itakayostawi.

Fikirini mmea unaofaa paa una sifa gani. Unavumilia kiu. Unaota kwenye udongo haba. Kipande kikivunjika na kuanguka kinashika mizizi. Unajisambaza wenyewe pasipo mtunza bustani. Sasa tazameni sifa za gugu vamizi: ni hizo hizo, moja baada ya nyingine. Yuko Kalanchoe delagoensis wa Madagaska, ua la chungu linalopendwa sana na wateja wangu, ambalo kila ncha ya jani lake hubeba vitoto tayari kudondoka. Nchini Kenya limekwisha toka vyunguni na kuenea porini, na ni sumu kwa mifugo. Ukilipanda juu ya ghorofa ya sita umelipa upepo, ndege na bomba la maji ya mvua. Vitoto vitashuka na bomba hadi mfereji, mfereji hadi Msimbazi, Msimbazi hadi mikoko ya Daraja la Salenda, na pale hakuna kibarua wa kuving'oa.

Iko pia Sphagneticola trilobata, ile inayotambaa yenye majani ya kung'aa na maua ya njano, inayofunika kingo za barabara na bustani za hoteli kote pwani. Kwao ni Amerika ya kitropiki, na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, umeiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kabisa duniani. Ni rahisi kuotesha, ni nafuu, na mkandarasi anayetaka paa liwe la kijani ndani ya mwezi mmoja kabla ya kukabidhi jengo ataichukua hiyo. Kwenye kitalu changu siiuzi, lakini anayeitaka ataipata kwa jirani, na hakuna kanuni inayomzuia.

Majirani zetu wa Laikipia wanatufundisha zaidi. Dungusi aitwaye Opuntia stricta aliletwa kama pambo na ua wa kuzuia wanyama. Leo ameyafunika malisho ya wafugaji. Mbuzi na ng'ombe wanaokula matunda yake huumizwa mdomo na utumbo na miiba midogomidogo, na tembo na nyani wanazisambaza mbegu. Ndugu yake wa Michigan ni mkazi mwema wa paa la Michigan kwa sababu yuko kwao. Gugu maji lililoziba ghuba za Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 nalo lilianza safari yake kutoka Amerika ya Kusini kama ua la kupendezesha mabwawa. Hakuna kati ya mimea hii iliyoletwa na mtu mwenye nia mbaya. Kila mmoja uliletwa na mtu aliyeuona ni mzuri na hausumbui.

Hapa kuna jambo ambalo kanuni ikilikosa itakuwa imekosa lote: neno la asili lisipimwe kwa mpaka wa nchi. Wajerumani walipoanzisha kituo cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, walipanda mamia ya aina za mimea kutoka pande zote za dunia, na baadhi zilitoka bustanini zikaingia msituni. Uliotamba kuliko mingi ni Maesopsis eminii. Huo kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati mpaka pande za Ziwa Victoria, Bukoba ikiwemo. Kagera ni mwenyeji. Usambara, hondohondo wakiwa wanaula na kuzitapika mbegu zake kila mahali, umegeuka mvamizi kwenye mojawapo ya misitu yenye viumbe adimu kuliko yote barani. Kwa hiyo ninapoomba mimea ya asili kwa paa la Dar es Salaam, namaanisha ya ukanda wa pwani. Paa la Dodoma, kwenye mvua za msimu mmoja zisizofikia sana milimita 600 kwa mwaka, litafute mimea yake kwenye majabali ya Dodoma. Mwanza wana mawe makubwa kuliko ya mtu yeyote. Mimea inayoning'inia kwenye nyufa za mawe yale ndiyo itakayopendeza juu ya mapaa yao.

Wala sisemi kila cha asili ni salama. Mkuyu na jamaa zake ni wenyeji wa ukanda huu, na kuta za magofu ya pwani zinajua mizizi yao inavyofanya. Ndege wakidondosha mbegu ya mti wa jamii hiyo juu ya paa na usiung'oe ungali mchanga, utaingia kwenye utando na baadaye kwenye zege. Mwarobaini, ambao ni mgeni kutoka Bara Hindi, hufanya hivyo hivyo kwa msaada wa popo na ndege. Kila paa la mimea linahitaji mtu wa kupanda juu walau mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa vuli, kung'oa kilichojiotea. Sharti hilo liandikwe kwenye kibali, na njia salama ya kufika juu iwepo kwenye mchoro.

Hatari nyingine ya mimea ya asili tunaweza kuitengeneza wenyewe. Mkitangaza kesho kwamba mapaa yapandwe mishubiri ya pwani, keshokutwa vijana watakuwa maweni na majembe na viroba. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na ina sababu ya kuwa humo. (Aloe vera yenyewe, ambayo wateja wengi wanaijua kama dawa ya kwetu, kwao ni milima ya Oman.) Mmea wa paa utoke kitaluni, kwenye mbegu au vipandikizi vilivyochukuliwa kwa kibali kutoka mimea mama michache, na mwenye kitalu aweze kuonyesha alikoupata. Sisi waotesha miche tunaweza kazi hii. Zamioculcas, ule mmea wa majani ya kung'aa unaopamba mapokezi ya ofisi nyingi, ni wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki, na ni Waholanzi waliouzalisha kwa wingi miaka ya 1990 hadi dunia nzima ikaujua. Inaniuma kila ninapoukuta kwenye meza ya mtu anayeamini kwamba ni ua la Ulaya. Mimea ya maweni isije ikafuata njia hiyo hiyo, tukaja kuinunua kwa fedha za kigeni.

Je, mimea ya kigeni ifukuzwe kabisa? Hapana. Mkonge uliojenga Tanga ulifika mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, miche 62 tu iliyosalia baada ya safari ndefu kutoka Florida, nasi hatuwezi kusimulia historia yetu bila huo. Familia inayotaka mchaichai, nyanya na pilipili juu ya nyumba yake ilime; mboga inayopaliliwa kila wiki haitoroki. Bogonvilia kwenye chungu, inayozaa mbegu kwa nadra sana hapa kwetu, haina madhara. Mtihani wa mgeni uwe maswali mawili ya wazi: je, anaota kwa kipande au kwa mbegu inayopeperuka, na je, kuna mahali pengine penye hali kama yetu ambako amewahi kuvamia? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo, abaki chini. Ningeongeza tahadhari kwa jamii ya bromelia kutoka Amerika, ambayo huweka maji katikati ya majani yake. Jiji lililopita kwenye dengue mwaka 2014 na tena 2019 halihitaji madimbwi madogo ya mbu juu ya vichwa vya watu.

Kuhusu uzito nitasema kidogo kwa kuwa wahandisi wanaujua kuliko mimi. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 2024, hakuna paa linalopaswa kupakiwa udongo bila mhandisi kusaini. Udongo mwekundu wa kawaida, wa sentimita 10, ukilowa unaweza kufika kilo 200 kwa mita moja ya mraba. Mchanganyiko mwepesi wa mawe ya volkano kama yale ya Rungwe, matofali yaliyosagwa na makumbi ya nazi unapunguza mzigo huo sana, na hapa mimea ya maweni inatusaidia tena: yenyewe haitaki udongo mnene wala wenye rutuba. Anayetaka miti mikubwa juu ya paa ndiye anayehitaji nusu mita ya udongo na nguzo za kuibeba.

Naomba basi mambo haya. Kila mchoro wa paa la mimea unaoletwa kuombewa kibali uorodheshe mimea yake kwa majina ya kisayansi, kwa sababu majina ya vitaluni hubadilika kila barabara, na walau nusu ya eneo ipandwe mimea ya asili ya ukanda husika. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, itoe orodha fupi ya mimea iliyokatazwa juu ya mapaa, na orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi za vibali na kufikishwa vitaluni. Afisa mmoja akipita na karatasi yenye picha kwenye vitalu vya barabarani atafanya kazi kubwa kuliko semina. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa na wataalamu wanaoijua pwani hii, kipewe mapaa ya umma ya kufanyia majaribio: moja jijini, moja kwenye mji wa serikali Mtumba. Mimea imwagiliwe msimu wa kwanza tu, kisha iachwe na mvua kwa miaka mitatu, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili, pamoja na orodha ya iliyokufa. Mimea ya kigeni inayotetewa na wauzaji ipandwe kando yake, kwa udongo ule ule, ili tubishane kwa kinachoonekana. Iwekwe pia mizinga ya nyuki wadogo wasiouma, na pahesabiwe ni ndege wangapi aina ya chozi wanaofika kwenye maua ya mishubiri. Paa linaloshika maji tu limefanya nusu ya kazi.

Mwisho, Wakala wa Majengo na Shirika la Nyumba wawe wanunuzi wa kwanza. Mwenye kitalu haoteshi miche elfu moja ya Sesuvium kwa matumaini. Akijua kwamba jengo moja la umma litaihitaji mwakani, ataotesha, na wa jirani yake naye ataotesha.

Majaribio yakipandwa mvua za vuli zinapoanza, Oktoba, miche itakuwa imeshika mizizi kabla ya jua la Januari. Mimi niko tayari kutoa miche ya kuanzia, bila malipo, kutoka kwenye kitalu changu, pamoja na kumbukumbu za mahali ilipotoka kila mbegu. Naomba mniandikie ni ofisi ipi nipeleke.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwotesha miche, Goba, Dar es Salaam